Namna ya Kufuatilia Fedha za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, Kuanzia Tawini hadi Baraza la Madiwani

Kila mwaka, bajeti inapojadiliwa bungeni kati ya Aprili na Juni, wakazi wengi wa Gungu, Mwanga, Kibirizi na Ujiji ndipo huanza kuuliza kwa nini zahanati yao au shule yao haimo. Wakati huo mlango umekwisha kufungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla, kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, kisha hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wa Manispaa na kamati za kudumu, na Baraza la Madiwani hupitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kalenda: anayetaka sauti yake isikike aanze Septemba.

Kabla ya kwenda popote, ni muhimu kujua fedha unayoitafuta iko mikononi mwa nani, kwa sababu wananchi wengi hupoteza nguvu zao katika ofisi isiyohusika. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na maji ya mjini ni kazi ya KUWASA, mamlaka ya maji ya mji wetu. Manispaa hubaki na shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, masoko, stendi, uzoaji wa taka, pamoja na asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha nyingi zinazotoka Serikali Kuu, na za miradi mikubwa kama TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji 45, huja zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi. Madiwani wana uhuru mkubwa zaidi juu ya mapato ya ndani, yaani ushuru wa masoko, leseni, ada na tozo, na hapo ndipo mwananchi wa kawaida anapaswa kuelekeza macho yake.

Sasa tuje kwenye chama, jambo ambalo watu wengi wenye nia njema hulikwepa. Sheria zetu haziruhusu mgombea binafsi, hivyo kila mwenyekiti wa mtaa na kila diwani alipendekezwa kwanza na chama chake kabla jina lake halijafika kwenye karatasi ya kura. Anayesema "mimi si mtu wa siasa" amewaachia wengine wamchagulie watu ambao yeye ataletewa baadaye. Kama dhamiri yako inakuruhusu, chukua kadi ya chama unachokiamini, lipa ada, na uhudhurie vikao vya tawi hata katika miaka isiyo na uchaguzi, kwa kuwa miaka hiyo ndiyo wajumbe huwa wachache na hoja moja iliyotayarishwa vizuri husikilizwa. Uchaguzi wa mitaa ulifanyika Novemba 2024 na wa madiwani Oktoba 2025. Nafasi nyingine huja baada ya miaka mitano, na anayekusudia kugombea au kumuunga mkono mtu anayemwamini anapaswa kuanza kujulikana tawini sasa.

Usiyetaka kadi, mkutano wa mtaa ni wako vilevile. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria, na ndiko mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo wananchi wenyewe hutaja mahitaji na vipaumbele vyao, inakotakiwa kuanzia. Namna ombi linavyoandikwa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ombi la "tunaomba zahanati" hushindana na maombi kama hayo kutoka kila kata na mara nyingi hubaki kwenye karatasi. Linganisha na hili: "Boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi limefika kwenye lenta, tunaomba fedha za kuezeka, milango na madirisha, kiwanja ni mali ya mtaa na hakina mgogoro." Ombi la pili linaeleza kazi iliyokwisha kufanyika na kiasi kilichobaki, na mchumi wa Manispaa anaweza kuliingiza katika makadirio bila kukisia. Kabla mkutano haujafungwa, mwombe Afisa Mtendaji wa Mtaa asome kwa sauti alichokiandika kwenye muhtasari, kwa sababu ombi lisiloandikwa halitafika kwenye kata.

Katika kata, Kamati ya Maendeleo huongozwa na diwani, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe wake. Mwenyekiti wako aende huko akiwa na nakala ya muhtasari mkononi. Baadaye, kabla ya Baraza kukutana, madiwani wa chama kimoja huketi peke yao na kukubaliana msimamo. Mijadala mingi huishia hapo, na kikao cha hadharani huja kuthibitisha. Wanaoweza kumfikia diwani kabla ya kikao hicho cha ndani ni wanachama wenzake wa tawi na kata, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mtu kujishughulisha na chama. Kikao cha Baraza chenyewe kiko wazi kwa umma. Nenda, ukae, uandike nani amesema nini kuhusu kata yako.

Fedha ikishafika, kazi hubadilika. Shule au zahanati inapojengwa kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, huundwa kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wajumbe wengine hutoka kwa wananchi. Ukiombwa kuchagua, ingia kamati ya mapokezi. Kwa mfano, makadirio yakitaja bati la geji 28 na gari likaleta geji 30, jua kwamba namba kubwa ni bati jembamba zaidi, na ukisaini hati ya kupokelea umekubali upungufu huo kwa niaba ya mtaa mzima. Hesabu mifuko ya saruji kabla dereva hajaondoka, pima unene wa nondo, linganisha na makadirio, kisha ndipo usaini.

Mwaka 2016 Manispaa yetu ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizoingia katika majaribio ya Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi, na inasikitisha kwamba Tanzania ilijiondoa katika mpango huo mwaka uliofuata. Hata hivyo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka huohuo wa 2016 ingali inatumika. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa ukitaja mradi, kata na mwaka wa fedha, ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, kwani siku 30 za kujibiwa huhesabiwa kutokea hapo. Ukiona dalili za rushwa, TAKUKURU hupokea simu bila malipo kwa namba 113.

Hatimaye kuna ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambayo hukabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili. Baada ya hapo Baraza hukutana katika kikao maalumu kujadili hoja za ukaguzi, yaani kasoro ambazo mkaguzi amezitaka zijibiwe. Tafuta kurasa zinazoitaja Kigoma-Ujiji, na siku kadhaa kabla ya kikao mwombe diwani wako aulize kila hoja inayogusa kata yenu imefungwa kwa vielelezo gani, na ile isiyofungwa imebaki kwenye meza ya nani.