Namna ya kutoa maoni ya haki kuhusu Keeper of the Seven Keys Part I

Albamu hii ya Helloween, bendi ya metali ya Hamburg, Ujerumani (1987), haifiki dakika 40, kwa hiyo isikilize nzima, kwa mpangilio wake, kwa hedifoni. Raundi ya kwanza usiandike kitu. Ya pili fuata ngoma za miguu za Ingo Schwichtenberg. Zikisikika kama mvumo mmoja, punguza besi kabla hujamlaumu mpigaji. Ya tatu ni ya sauti ya Michael Kiske, na hapo ndipo wasikilizaji hugawanyika: waliozoea ukwaruzo wa Kai Hansen, aliyeimba kabla yake kwenye albamu ya Walls of Jericho (1985), huiona laini mno. Wanakosea, ila hoja wanayo. Wimbo “Halloween” wa albamu hii unapita dakika 13. Usiuhukumu kwa video yake, maana humo umekatwakatwa. Ukisifu au kuponda, taja dakika na sekunde.