Kuandaa muswada wa fidla ya Uskoti kwa uchapishaji, hatua kwa hatua

Kuna daftari nyingi za wapiga fidla wa Uskoti, za karne ya 18 na 19, ambazo hazijawahi kupigwa chapa. Chache zina mwandiko safi kama wa David Young, aliyenakili kitabu cha Drummond Castle mwaka 1734. Nyingi ziliandikwa haraka na mtu aliyeijua tuni tayari na aliyetaka ukumbusho tu. Mwongozo huu unahusu hizi za pili. Kazi nzima inasimama juu ya jambo moja: msomaji aweze kutofautisha alichoandika mwenye daftari na alichoongeza mhariri.

1. Haki. Usidhani hati ya mwaka 1790 haina mwenyewe kwa kuwa ni ya zamani. Kwa sheria ya Uingereza, tuni ambayo haikuwa imechapwa hadi tarehe 1 Agosti 1989, na ambayo mtunzi wake alifariki kabla ya 1969, inaweza kulindwa hadi mwisho wa 2039. Zile zilizochapwa enzi zao na watunzi kama Niel Gow au William Marshall hazina shida hii. Maktaba inayotunza daftari nayo iombwe ruhusa ya kutumia picha zake.

2. Picha. Piga au skani kwa rangi, dpi 400 hadi 600, na uhifadhi katika TIFF. Usitumie nyeusi na nyeupe: wino wa zamani wa chuma hupenya karatasi, na rangi ndiyo inayoonyesha kama nukta ni ya ukurasa huu au imetoka upande wa pili. Ukiwa na shaka, chukua picha ya upande wa nyuma, igeuze kushoto-kulia, kisha iweke chini ya picha ya mbele. Nukta itakayoangukia juu ya kichwa cha noti ya upande ule haihusiki na tuni yako.

3. Orodha. Kwa kila tuni andika karatasi na upande, jina kwa tahajia ileile ya hati, aina (ngoma za reel, strathspey au jig, au tuni ya polepole), na vipimo (bar) viwili vya mwanzo. Kisha itafute kwenye faharasa ya Charles Gore ya mwaka 1994 na kwenye HMS.Scot, tovuti ya muziki wa kale wa Uskoti. Tafuta kwa noti, si kwa jina pekee, maana tuni moja hubeba majina matatu au manne kulingana na bibi mkubwa aliyetunukiwa mwaka huo. Toleo la chapa likipatikana lihesabu kama shahidi. Usilifanye hakimu: mwenye daftari huenda aliipiga tofauti kwa makusudi.

4. Nakala ya kwanza. Nakili pamoja na makosa yote. Ninapendekeza ABC, mfumo wa kuandika noti kwa herufi, kwa sababu ni maandishi matupu yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote. Waliohifadhi kazi zao kwenye Finale, programu ya kuandika muziki, pekee walijikuta wakihama mwaka 2024 programu hiyo iliposimamishwa. Ukiweka L:1/8 (yaani herufi tupu ni noti ya nusu pigo), strathspey huandikika upesi: A>B ni noti ndefu yenye nukta ikifuatwa na fupi, A<B ni fupi mbele na ndefu nyuma, na A/A/A ni ile mipigo mitatu ya haraka kwenye noti moja ambayo Waskoti huiita birl. Kupanga kurasa utafanya baadaye kwenye programu kama MuseScore au LilyPond.

5. Ufunguo. Hapa ndipo wahariri wengi huanguka. Waandishi wa karne ya 18 mara nyingi waliandika shapu (alama ya kupandisha noti nusu hatua) ileile mara mbili mwanzoni mwa mstari, juu na chini. Ukiona shapu mbili usikimbilie kusema D. Tazama zimekaa wapi: moja kwenye mstari wa juu kabisa na nyingine kwenye nafasi ya chini kabisa, zote ni F, na tuni iko katika G. Alama ya flati (ya kushusha noti) mbele ya noti yenye shapu nayo huenda inaifuta tu ile shapu. Ukiichapa kama flati ya leo umeharibu tuni.

Kisha kuna tuni za A zenye G isiyo na shapu, ambazo Uskoti zimejaa. Mmoja aliziandika kwa shapu mbili, mwingine kwa tatu, halafu akasahau kufuta G mahali pengine. Kama hati ina besi (mstari wa sauti ya chini), isome kwanza. Besi ikishuka kwenye G bila shapu katika kipimo cha pili, nayo ndiyo ushahidi wako kwa G za sauti ya juu katika kipimo hicho. Usipokuwa na ushahidi, acha kama ilivyo na uweke alama ndogo juu ya noti, si mbele yake.

6. Mdundo. Hesabu kila kipimo. Strathspey ina mapigo manne, na jozi moja yenye nukta ni robo tatu ya pigo jumlisha robo. Nukta moja ikisahauliwa, kipimo kinapungukiwa robo pigo. Upungufu wa robo kamili karibu kila mara ni nukta iliyopotea, na unaweza kuirudisha bila wasiwasi. Jozi za noti sawasawa ni habari nyingine: kipimo kimetimia, kwa hiyo usiongeze nukta ati kwa kuwa "strathspey hupigwa hivyo".

Kwenye marudio, kumbuka noti ya kuanzia kabla ya pigo la kwanza. Kipimo cha mwisho kinapaswa kupungua kwa kiasi hichohicho. La sivyo tuni itazidi kwa kiasi hicho inaporudiwa.

7. Besi. Iache. Itaonekana tupu, ikiruka kutoka A hadi G na kurudi, na aliyesoma hamoni za kanisani atataka kuinyoosha. Ndivyo mtindo ulivyo.

8. Alama za mhariri. Miunganisho ya upinde uliyoongeza iwe ya vistari vilivyokatika, noti zako ziwe kwenye mabano ya mraba. Maelezo yawe mafupi: "Kipimo 5, pigo 3: hati ina D, imesomwa C, kama kipimo 1." Jina libaki na tahajia yake, lakini kwenye faharasa Tulloch Gorum na Tullochgorum ziwe mahali pamoja.

9. Kusahihisha na kuchapa. Tuni isikatwe katikati kwa kugeuza ukurasa. Chapa nakala ya majaribio, umpe mpiga fidla asiyezijua tuni hizo. Anayezijua atapiga alichozoea na makosa hatayaona. Tuma PDF yenye fonti zilizofungwa ndani. Kitabu kikitoka Uingereza, mchapishaji anapaswa kupeleka nakala moja British Library ndani ya mwezi mmoja, na National Library of Scotland inaweza kudai yake.