Kutoka Malindi hadi kwenye treni ya bara

Mnaovuka na boti kutoka bandari ya Malindi, Unguja, kwenda kupanda treni ya umeme Dar, msikate tiketi zinazobanana. Boti ni kama saa mbili, lakini kusi ikivuma hesabu hiyo huharibika. Wacheni saa tatu baina yake. Bandarini hadi stesheni bajaji inatosha. Chagueni treni ya mchana. Usiku mtalipia kiza tu, na milima ya Uluguru na mahandaki ya Kilosa yatawapita.

Anayetaka kuiona nchi hasa apande ile ya zamani ya Kigoma, reli iliyofika Ziwa Tanganyika 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Chukueni shuka na mkate wa kumimina, na wakati wa masika ulizeni kwanza kama njia haijakatwa na maji.