Kununua na kuuza vitabu vya chuo muhula ukianza: toleo kwanza, bei baadaye

Wiki ya kwanza ya muhula ndo watu wanapoliwa hela, maana orodha ya vitabu ishatoka, kila mtu ana haraka na wauzaji wanajua. Kama utashika kitu kimoja tu hapa basi shika hiki: kabla hujauliza bei ya kitabu uliza toleo. Kitabu cha bei chee ambacho darasa zima hawakitumii ni hasara hata ukikipata kwa nusu.

Toleo utalikuta kwenye ukurasa wa haki miliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, na hapohapo kuna ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, tarakimu 13 zinazoanza na 978 au 979 (vitabu vya kabla ya 2007 vingi vina tarakimu 10). Mwombe muuzaji akupigie picha ya ukurasa huo, usiridhike na picha ya jalada, majalada yanafanana sana. Ila ISBN ikitofautiana na ya kwenye orodha usikimbie hapohapo, kwa sababu kitabu cha jalada gumu na cha jalada laini kila kimoja kina namba yake hata kama ndani ni kilekile, so angalia toleo na mwaka.

Halafu nenda kipindi cha kwanza kabla hujanunua chochote, muulize mhadhiri toleo la nyuma litafaa? Wengi wanakubali, na hapo ndo unaokoa hela ya maana. Kwenye fasihi au historia mara nyingi tofauti ni ndogo. Hesabu, fizikia na uhasibu ndo kuna mtego, maelezo yanabaki yaleyale ila maswali ya mwisho wa sura yanapanguliwa, swali la 12 linakuwa la 19, unafanya kazi nzima kumbe siyo uliyopewa. Dawa yake ni kununua la zamani halafu maswali unayachukua kwa mwenzako mwenye jipya au kwenye nakala ya maktaba. Sheria na kodi usijaribu, huko vitu vinabadilika kweli.

Vitabu vingine vinakuja na namba ya siri ya kuingilia mtandaoni, na hiyo ni kama vocha ya simu, ikishakwanguliwa na kutumika basi. Ukiona imefunguliwa hesabu kwamba haipo. Ulizia kama kazi za darasa zinafanyika humo, maana kuinunua peke yake kunaweza kula faida yote uliyopata kwenye kitabu cha mtumba.

Ukikutana na muuzaji kifungue kitabu katikati ukibonyeze kidogo, kama gundi inalia na kurasa zinacheza, hakitafika mwisho wa muhula. Nenda na mwisho kabisa, kwenye majibu na faharasa, ndo kurasa zinazochanwa sana. Kinuse pia, harufu ya ukungu haitoki. Mistari ya kalamu ya rangi mimi hainisumbui, ila aliyepaka ukurasa mzima kakuharibia kusoma, punguziwa bei.

Sasa we unayeuza: uza mapema. Mahitaji yanakuwa juu kabla ya muhula na wiki zake za mwanzo tu, baada ya hapo kila mtu ashapata chake, na kila siku unayokiweka kabatini toleo jipya linaweza kutoka likaua bei. Piga picha mwangani, jalada, ukurasa wa haki miliki, na ule ukurasa uliochafuka kuliko yote, ndiyo huohuo, kwa sababu mtu akishauona kwenye simu hatakuja kubishana bei mkikutana. Penseli futa, wino uache ulivyo, ukiukwangua unatoboa karatasi. Pekua ndani pia kabla hujakitoa, watu wanasahau humo fomu zenye namba ya usajili na hata risiti za benki.

Kutaneni maktaba au sehemu yenye watu, mchana. Mnunuzi asitume hela kabla hajakishika kitabu, na muuzaji asikubali skrinishoti ya malipo, fungua akaunti yako mwenyewe uone salio limeongezeka ndo umkabidhi.