Whitstable kwa siku moja: treni kutoka London bila kukosa maji kupwa

Safari hii ya Whitstable, mji wa pwani ya Kent, Uingereza, unaweza kuiamua asubuhi hiyo hiyo, maana tiketi ya Off-Peak (ya nje ya saa za msongamano) ya kwenda na kurudi haipandi bei kwa kuchelewa kuinunua. Kinachoharibu siku ni maji. Anza nayo.

1. Tazama jedwali la maji. Upande wa Tankerton, mashariki ya bandari, maji yakipwa huibuka The Street: fungu la changarawe linaloingia baharini karibu nusu maili. Yakijaa huoni kitu. Tafuta saa ya kupwa ya Whitstable, ufike saa moja kabla. Siku za bamvua, maji yanapopwa sana, fungu hutokeza refu. Siku za maji mafu, yanapopwa kidogo, ni kipande tu. Angalia pia jedwali linatumia saa gani: likiwa la GMT, majira ya kiangazi ongeza saa moja. Wala usitumie la jana, kwani maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Yakipwa alfajiri, yatapwa tena jioni. Basi ondoka mchana.

2. Chagua stesheni ya London. St Pancras ni treni ya kasi, mwendo wa kama saa moja na robo, na nauli yake ni kubwa zaidi. Victoria ni nafuu, karibu saa moja na nusu. Tiketi ya Victoria haikupandishi treni ya kasi, na hapo ndipo wengi hunaswa.

3. Nunua tiketi kamili. Kadi ya London ya kulipia nauli kwa kugusa haifiki huku. Ukikaguliwa huna tiketi, faini ni pauni 100 juu ya nauli. Ukilipa ndani ya siku 21, pauni 50 na nauli. Siku za kazi Off-Peak huanza takriban saa 3:30 asubuhi. Mkiwa watu 3 hadi 9, omba GroupSave: theluthi moja ya nauli inaondoka.

4. Kaa behewa sahihi. Baadhi ya treni za Victoria hukatwa vipande viwili kwenye stesheni ya Faversham, kimoja kikaenda Dover, si Whitstable. Sikiliza tangazo, soma kibao cha ndani ya behewa.

5. Tembea. Stesheni hadi bandarini ni kama dakika 15, kisha fuata ufuo, bahari ikiwa kushoto kwako. Vaa viatu vya soli ngumu, ndala hazifai kwenye changarawe. Koti la upepo hata Julai. Kwenye fungu geuka mapema, na usiogelee kandokando yake: mkondo una nguvu.

6. Kula. Chaza wa asili, bapa na wa mviringo, ni wa Septemba hadi Aprili. Wa kiangazi ni chaza wa mwamba, gamba refu lenye makunyanzi. Asiyetaka wabichi, samaki na chipsi zipo bandarini.

7. Rudi. Kabla hujaondoka London kagua treni za jioni pia. Jumapili reli hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, mkapakiwa basi. Ukiona hivyo, ongeza saa nzima au sogeza safari hadi Jumamosi.