Kuondoa slaisi: rekebisha uso wa fimbo kabla ya njia yake

Slaisi katika gofu ni mpira unaoondoka vizuri kisha ukapinda kulia hadi vichakani, na una chanzo kikuu kimoja: fimbo inapougusa, uso wake (sehemu bapa inayogonga mpira) umefunguka, yaani umegeukia kulia, ukilinganishwa na njia ambayo fimbo inapita. Uso ndio unaoamua, kwa sehemu kubwa, mpira uanzie upande gani. Tofauti kati ya uso na njia ndiyo inayoupinda. (Maelezo haya ni ya anayecheza kwa mkono wa kulia, wa kushoto ageuze.)

Wengi hukimbilia kurekebisha njia. Wakifanikiwa huku uso ungali wazi, mpira unazidi kwenda kulia, na mwili wenyewe unarudia kuvuta fimbo kushoto ili kuuokoa. Ndiyo maana tunaanza na mikono.

Hatua ya 1: Soma mpira

Piga mipira 10 kwa fimbo ya chuma namba 7, ukilenga alama moja. Mpira ukianzia kushoto na kupinda kulia, fimbo inakata mpira kutoka nje kuja ndani. Ukianzia kulia na kuzidi kupinda kulia, uso umefunguka mno. Ukienda kulia kwa mstari ulionyooka, hiyo si slaisi, na mshiko usiuguse.

Kwa draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali), paka poda kavu usoni uone mpira unagonga wapi. Alama ikiwa upande ambapo mpini unaungana na kichwa cha fimbo, mgongano huo peke yake unatosha kuupindisha mpira kulia. Chunguza kama umesimama karibu mno au uzito unakimbilia vidole vya miguu.

Hatua ya 2: Mshiko

Weka fimbo chini, uso ukitazama shabaha, *kisha* ndipo uishike. Ukiishika kwanza halafu ukageuza mikono, uso nao unageuka na hujabadilisha chochote.

Mpini upite kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kuanzia shina la kidole cha mwisho, usizame kiganjani. Ukitazama chini uone vifundo viwili hadi vitatu vya mkono huo. Ukiona kimoja tu, umepata mshukiwa. Pembe kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa mikono yote miwili, ielekee bega la kulia. Usikaze: misuli ya mkono ikikakamaa, uso unachelewa kufunga.

Mshiko mpya utakukera. Usiulegeze urudi ulikotoka kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Nusu swingi

Kwa namba 7, zungusha fimbo nusu tu: mikono iishie usawa wa kiuno nyuma na mbele. Simama mwishoni uangalie: ncha ya kichwa cha fimbo (upande ulio mbali na mpini) itazame juu, au iinamie kushoto kidogo. Uso ukitazama mbingu, bado umefunguka. Baki hapa hadi mpira unyooke au uanze kupinda kushoto. Kupinda huko ndiko tunakokutaka. Njia ikirekebishwa kutapungua.

Hatua ya 4: Njia

Laza fimbo ya akiba sambamba na mstari wa shabaha, mbele ya vidole vya miguu. Wenye slaisi hujielekeza kushoto ili kuufidia mpira, na hapo wanazidi kuukata. Kagua mabega pia, si miguu tu. Mpira wa namba 7 uwe mbele ya katikati kidogo. Mpira ukisogea mbele mno, mabega yanafunguka, yaani yanageukia kushoto, kuufuata.

Sasa weka kifuniko laini cha fimbo sentimita 20 hadi 30 nyuma ya mpira, upande wa mbali na wewe, upana wa kidole kimoja kupita ncha ya fimbo. Ukikigonga wakati wa kushuka, mabega yametangulia. Fikiria mgongo ubaki ukitazama shabaha wakati uzito unahamia mguu wa kushoto. Anza polepole. Usitumie ubao wala kitu kingine kigumu: utaumiza kifundo cha mkono.

Hatua ya 5: Draiva

Inakuja mwisho kwa sababu uso wake umesimama karibu wima, hivyo kosa dogo linapindisha mpira zaidi kuliko kwa fimbo fupi. Mpira uwe mkabala na kisigino cha kushoto, nusu yake ikionekana juu ya kichwa cha draiva, na bega la kulia lishuke kidogo. Slaisi ikirudi hapa huku namba 7 inanyooka, usibadili mshiko tena; kwanza kagua mpira umekaa wapi na mabega yanaelekea wapi.