Namna ya Kuondoa Koga kwenye Viti vya Zamani vya Henzerani Vinavyokaa Barazani

Viti vya henzerani vilivyokaa barazani au chini ya mwembe kwa miaka mingi huishia katika hali moja huku mwambao: masika yakipita, msuko wake huwa umetapakaa madoa meusi na ya kijani, mito inanuka uvundo, na mwenye nyumba ameanza kufikiria kuvitupa. Mara nyingi hakuna haja ya kufika huko, kwani kiti ambacho fremu yake bado ni imara kinaweza kusafishwa na kurudi kazini. Jambo la kuangalia zaidi ni maji. Katika kazi ya kukarabati samani za kusuka, viti ninavyoletewa vikiwa vimeharibika kwa kuoshwa vibaya na kukaushwa nusunusu ni vingi kuliko vilivyoharibiwa na koga yenyewe.

Koga ni kuvu, na viini vyake vya uzazi vimo hewani wakati wote, hivyo hakuna dawa itakayovimaliza. Vinachosubiri ni unyevu na chakula. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 kwa muda mrefu, koga huanza kuota, na katika miezi ya Aprili na Mei hewa ya Unguja, Tanga au Mombasa hupita kiwango hicho kwa urahisi. Chakula ni vumbi, jasho na mafuta ya mwili yaliyonasa kwenye msuko, pamoja na henzerani yenyewe pale ambapo vanishi imebanduka. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari kuna jambo la tatu: chumvi inayoletwa na upepo hutua juu ya samani na kuvuta unyevu kutoka hewani, kama chumvi ya jikoni inavyolowa ndani ya kopo wakati wa mvua. Kwa hiyo kiti kinaweza kubaki na unyevunyevu hata wiki ambayo tone la mvua halijaanguka.

Hatua ya kwanza: tambua kiti kimesukwa kwa kitu gani

Usiguse ndoo kabla ya kujua jambo hili. Henzerani halisi ni shina la mmea utambaao wa jamii ya mnazi, na kwa sehemu kubwa hutoka kusini-mashariki mwa Asia, hasa Indonesia. Ukiangalia ncha iliyokatwa utaona vitundu vidogo vidogo, na rangi yake hutofautiana kidogo kutoka ufito mmoja hadi mwingine. Henzerani huvumilia maji kiasi. Viti vilivyosukwa kwa magugu maji yaliyokaushwa, kama vile vinavyotengenezwa Kisumu, hunywa maji haraka sana na hukauka polepole, kwa hiyo hivyo hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa na haviloweshwi kamwe. Hali ni hiyo hiyo kwa ukindu. Vipo pia viti vya kizamani kutoka Ulaya na Marekani vilivyosukwa kwa karatasi iliyosokotwa, ambavyo vikilowa huanza kufumuka. Msuko wa plastiki hauna shida hiyo. Nyuzi zake zina upana na rangi ile ile kila mahali, na tone la maji hukaa juu yake bila kufyonzwa.

Wakati huo huo kipindue kiti na ukikague chini. Tikisa kila mguu. Ukiona vitundu vya mviringo vinavyomwaga unga mwembamba, humo mna wadudu watobozi, na kiti hicho kitengwe na vingine hadi wadudu watibiwe. Ukibonyeza ufito kwa ukucha nao ukabonyea kama mkate uliolowa, ujue umeoza, na usafi hautaurudisha; ufito huo ubadilishwe kwanza.

Ikiwa huna hakika kama weusi unaouona ni koga au ni uchafu wa kawaida, dondosha tone moja la jiki iliyozimuliwa mahali pasipoonekana. Doa likififia ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni koga. Likibaki jeusi, ni uchafu, na sabuni itatosha.

Hatua ya pili: chagua siku na mahali

Kazi hii ifanyike siku kavu yenye upepo. Januari na Februari, kaskazi inapovuma, ni wakati mzuri mno katika pwani yetu, na miezi ya Julai hadi Septemba pia inafaa. Anza mapema, saa mbili asubuhi ikiwezekana, ili kiti kipate mchana mzima wa kukauka kabla ya umande wa usiku. Kitoe uani, mbali na madirisha na nguo zilizoanikwa, kwa sababu koga inayochokonolewa hutawanya viini vyake hewani. Vaa barakoa inayobana vizuri, glavu za mpira na miwani ya kinga. Mwenye pumu amwachie mtu mwingine kazi hii.

Hatua ya tatu: ondoa vumbi na koga ya juu

Wengi huanza kwa kupiga kiti kwa ufagio. Vumbi hutoka, ni kweli, lakini koga kavu hupeperuka na kuhamia kwenye viti vingine na kwenye mapafu ya anayesafisha. Pulizia kwanza maji kidogo, kama ukungu tu, kwa chupa ya kupulizia, kisha ondoa uchafu kwa brashi laini ya rangi ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Kwenye makutano ya msuko tumia mswaki wa zamani, na pale ambapo mswaki haufiki, kijiti kilichochongwa butu. Mashine ya kufyonza vumbi inasaidia sana ikiwa ina kichujio cha chembe ndogo. Isiyo na kichujio cha namna hiyo itazirudisha hewani kwa upande wa pili.

Upande wa chini wa kalio na sehemu ya ndani ya viegemeo vya mikono ndizo maskani ya koga, kwa kuwa jua halifiki huko. Tumia nusu ya muda wako hapo.

Hatua ya nne: osha

Changanya maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Chovya sifongo, likamue mpaka lisichuruzike, kisha futa sehemu ndogo ndogo ukianzia juu kushuka chini. Ukimaliza sehemu moja, ifute kwa kitambaa kilichochovywa katika maji safi kabla ya kwenda nyingine, kwa sababu sabuni inayobaki hunasa vumbi jipya. Zingatia aina ya maji ya suuzo: visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na ukisuuzia maji hayo utakuwa umekirudishia kiti ile chumvi unayotaka kuiondoa. Tumia maji ya mvua au ya bomba.

Mashine za maji ya kasi zinazotumika kuoshea magari zisikaribie henzerani. Huinua nyuzi, hukata vifungo vya viungo na kusukuma maji ndani ya fito ambako hayatatoka kwa siku nyingi.

Hatua ya tano: siki, na mahali pa jiki

Baada ya kuosha, changanya siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa. Siki ya kawaida ya dukani yenye asidi ya asilimia 5 inatosha. Ile ya rangi ya kahawia isitumike, kwani huacha doa. Pulizia kwenye sehemu zilizokuwa na koga, iache kwa muda wa nusu saa hadi saa moja kivulini, sugua taratibu kwa mswaki, kisha futa kwa maji safi. Harufu yake hupotea kiti kinapokauka. Penye doa sugu kwenye henzerani isiyotiwa rangi, chovya pamba katika hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa katika maduka ya dawa na uipachike juu ya doa kwa dakika kumi. Ijaribu kwanza mahali palipojificha, kwa kuwa huweza kung'arisha rangi ya henzerani.

Kuhusu jiki nina msimamo mkali kidogo kuliko mafundi wenzangu wengi. Inaondoa weusi haraka, na ndiyo sababu inapendwa, lakini ikitumiwa mara kwa mara hulainisha nyuzi za mmea na kuzifanya zikatike, na rangi hubaki na mabaka. Ninaitumia kwa msuko wa plastiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu kumi na tano za maji kwa dakika kumi, ikifuatiwa na suuzo la maji mengi. Kwa henzerani halisi ninaiacha isipokuwa kiti kimepakwa rangi nyeupe na siki imeshindwa.

Jiki na siki zisichanganywe kamwe, wala zisitumiwe moja baada ya nyingine bila kusuuza, kwa sababu zikikutana hutoa gesi ya klorini ambayo ni sumu. Vivyo hivyo jiki isichanganywe na kisafishaji chochote chenye amonia.

Hatua ya sita: kausha

Hapa ndipo kazi yote inapofaulu au kuharibika. Futa maji yanayoonekana kwa taulo kavu, kisha kiweke kiti juu ya matofali ili miguu isiguse sakafu, kikiwa kimelazwa ubavu ili hewa ipite kwenye kalio. Jua la asubuhi ni zuri. Jua kali la adhuhuri hukausha nje kabla ya ndani, na henzerani ya zamani hupasuka kwa urefu. Ikifika saa tano kihamishie kivulini penye upepo, au chini ya pangaboi. Kigeuze kila baada ya saa chache. Usiku kiingize ndani.

Kiache siku mbili kamili, na kama hewa ni nzito, siku tatu. Asikikalie mtu katika muda huo, kwa sababu henzerani iliyolowa hunyumbuka na itakaukia katika umbo la aliyeikalia. Sifa hiyo hiyo unaweza kuitumia kwa faida: kalio la kimia lililolegea hukaza kidogo likiloweshwa upande wa chini, usiopakwa vanishi, kwa kitambaa cha maji moto, kisha likaachwa likauke bila uzito.

Hatua ya saba: kinga

Vinyweleo vilivyosimama viondolewe kwa msasa laini, nambari 220, kwa mkono mwepesi. Futa vumbi, kisha paka vanishi ya nje isiyo na rangi, tabaka mbili nyembamba, bila kusahau upande wa chini na nyayo za miguu, ambako maji ya sakafu hupandia. Ukipaka kabla ndani hakujakauka, utakuwa umeufungia unyevu humo na koga itachomoza chini ya vanishi, mahali ambapo mswaki haufiki tena.

Wapo wanaopendelea kupaka mafuta ya nazi au mafuta mabichi ya kitani ili kiti king'ae. Kinang'aa kweli, kwa wiki kadhaa, lakini mafuta hayo ni chakula cha kuvu na yananasa vumbi, na msimu wa mvua unaofuata koga hurudi ikiwa nene zaidi.

Mito ishughulikiwe peke yake. Vitambaa vifuliwe kwa maji moto kadiri vinavyovumilia na kuanikwa juani. Sponji ambayo koga imeingia ndani yake haisafishiki. Itupwe, inunuliwe nyingine.

Baada ya mwezi mmoja kipindue kiti tena. Koga ikiwa imerudi mahali pale pale, acha siki kwanza na utafute maji yanakotoka: bati linalodondosha, chungu cha maua kinachomwagiliwa pembeni, ukuta unaotoa unyevu, au kiti kusogezwa ukutani mno hata hewa haipiti nyuma yake.